Mwalimu wetu alicheza singeli, na bado ataongoza sifa



Wiki hii nimetumiwa video moja mara kumi na moja. Wengi wenu mmeiona. Kijana wetu, mwalimu, yuko Dar es Salaam likizo ya Desemba, shati limelowa jasho, anacheza singeli katikati ya umati usiku wa manane. Mmoja wenu akaniuliza, "Pasta, huyu ndiye anatushikia maikrofoni Jumapili?"

Ndiye. Nimeongea naye na ameniruhusu niandike. Jina lake silitaji, na nawaomba msilitaje kwenye maoni hapo chini.

Mliotaka aondolewe kwenye timu ya sifa, nimewasikia. Sitamwondoa. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu ukiwa bado na neno, ofisi yangu unaijua: ni kile kiti cha plastiki chini ya mti.

Tuanze kwa kujua tunachokihukumu. Singeli ni muziki wa uswahilini, Dar es Salaam, mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Vijana wasio na bendi walichukua vipande vya taarabu na mchiriku, wakaviharakisha kwa kompyuta, na mtu wa maikrofoni akamwaga maneno juu yake kama hapumui. Mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika, na nyingine hukaribia 300. Moyo wako ukiwa umetulia hapo unaposoma unapiga kati ya 60 na 100. Kwa hiyo ukiniambia hizo ni kelele, nakuelewa. Dakika tatu za kwanza nilitafuta pa kuzimia. Ya nne mguu wangu ulikuwa unatingishika bila ruhusa.

Si Dar peke yake. Vijana weusi wa Detroit, mji wa viwanda vya magari, walitengeneza tekno yao miaka ya 1980. Rotterdam, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaja na muziki mkali zaidi unaoitwa gabber, neno ambalo katika lugha ya mtaani kule maana yake ni rafiki. Durban wana gqom. Ukizifuatilia sherehe hizi za usiku kucha, zile Wazungu wanaita reivu, utakuta habari ya kufanana: mji wa kazi ngumu au wa kukosa kazi, vijana wasio na pa kwenda, mashine ya bei nafuu, na usiku.

Na karibu kila mahali wakubwa waliogopa. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1994 iliyowapa polisi uwezo wa kutawanya mikusanyiko hiyo ya usiku, na sheria yenyewe ikajaribu kueleza ni muziki gani: ule wenye mapigo yanayojirudia. Fikiria, bunge zima limekaa kueleza ngoma ni nini! Uganda wana tamasha kubwa karibu na Jinja, Nyege Nyege. Waandaaji wanasema jina ni la Kiganda, ile hamu ya kucheza isiyozuilika. Sisi wa Kiswahili tunajua tunasikia nini, na kwa sababu watoto wanasoma ukurasa huu tuliache hapo. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, aliyewahi kuwa padri, alilipiga marufuku. Siku chache baadaye likaruhusiwa. Mwaka 2022 bunge likapinga tena, serikali ikaruhusu tena kwa masharti.

Sasa fungua Biblia yako. Kutoka 15, Bahari ya Shamu iko nyuma yao, Miriamu anashika tari na wanawake wote wanamfuata wakicheza. Nenda Kutoka 32. Ni watu walewale, hata mwaka haujaisha, wanacheza mbele ya ndama. Chuoni tulifundishwa jambo ambalo halijawahi kunitoka: neno la Kiebrania la uchezaji ni lilelile katika sura zote mbili. Roho Mtakatifu hakutafuta neno chafu la kuelezea miguu ya sura ya 32. Na Musa aliposhuka, aliichoma ile ndama akaisaga ikawa unga. Sijasoma popote kwamba alikusanya matari akayachoma.

Tazama na Yoshua pale mlimani. Alisikia kelele za kambini akadhani ni vita. Musa ndiye aliyesikiliza vizuri akajua ni watu wanaimba. Yoshua alikuwa mtu wa Mungu kabisa, lakini masikio yake yalikuwa ya askari. Nasema hivi kwa upendo: wengine wetu tuna masikio ya Yoshua. Jirani zetu Wasomali wakicheza dhaanto harusini unatoa simu, unarekodi, unaandika "utamaduni mzuri". Isukuti ikilia nyumbani Kakamega unaruka mpaka kofia inaanguka. Kijana akicheza singeli, ni mapepo. Mapepo gani haya yanayojua kubagua ngoma za makabila?

Wapo wanaosema dawa ni kuuleta muziki huo kanisani, taa na moshi na kila kitu, vijana watajaa. Walijaribu. Mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1986, vijana wa kanisa moja la Kianglikana walianzisha Ibada ya Saa Tatu Usiku: giza, skrini, muziki wa disko. Mamia walikuja, na viongozi wa kanisa wakafurahi. Mwaka 1995 ikavunjika, baada ya wanawake kusema mambo ambayo kiongozi alikuwa akiwatendea miilini mwao. Mwaka 2025, miaka thelathini baadaye, mahakama ilimkuta na hatia. Shida haikuwa spika. Ilikuwa ni mtu mmoja ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza swali. Na hapa kwetu, Shakahola, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Kule hakukuwa na disko hata kidogo. Kwa hiyo mkitaka kumchunguza mtu katika kanisa hili, anzeni na mimi. Nani anahesabu sadaka nikiwa safarini? Nani anaingia nikimwombea dada wa watu? Hayo yanafaa kutumwa mara kumi na moja.

Nirudi kwa mwalimu. Wengine mmehamia Banissa juzi, hamkumbuki. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa, watu 28 wakauawa, na miongoni mwao walikuwa walimu wakienda likizo kama huyu wetu. Siku chache baadaye wengine 36 waliuawa kwenye machimbo ya mawe. Walimu wengi wasio wa huku waliondoka, na siwalaumu. Watoto walibaki na madarasa. Huyu alikuja baadaye, akijua yote hayo, na bado yupo. Mnajua maisha yake kwa sababu ndiyo yenu: pikipiki ikipita saa nne usiku unanyamaza uisikilize mpaka iende, ukikaa mahali unakaa ukitazama mlango, na mama yako anapiga simu kila gari linapoingia barabarani. Mwili hubeba hayo mwaka mzima. Huwezi kuuambia tu uyaache.

Nilipomuuliza alikuwa anatafuta nini kule, sikutarajia jibu lake. Alisema, "Pasta, kwa saa nne sikuangalia mlango uko wapi."

Wewe unayetaka nimvue maikrofoni, kaa kidogo na jibu hilo.

Sasa, kijana, usinishangilie bado. Sijasema kila usiku wa spika ni salama. Kule Dar zile sherehe za vigodoro zimepigwa marufuku zaidi ya mara moja, na hawakuwa wanaota. Mimi sikuulizi kasi ya ngoma. Nakuuliza: binti aliyelewa saa tisa usiku, alifikishwa nyumbani na nani? Ile tembe uliyopewa na mtu usiyemjua, ulijua ni nini? Wenzako walikuwa wanakujua jina, au ulikuwa umeenda mahali ambapo hata ukianguka ngoma haisimami? Mwalimu wetu alijibu yote bila kutafuta maneno. Alikunywa soda, alikuwa na binamu zake, na walirudi kwa shangazi yao pamoja. Wewe uliyenicheka hapo kwa soda, swali la kwanza bado linakungoja.

Na kama unaweza kuruka saa nne kwa singeli, halafu kwenye kesha nusu saa tu umeshikilia kiuno, hapo nitakutafuta.

Tumefundishwa kwamba kesha ni letu peke yetu. Lakini mtu aliyecheza mpaka alfajiri anajua kitu ambacho mtu wa kesha anakijua: ile saa kumi ambapo miguu imekataa, wa pembeni yako akapiga kofi moja, na ikarudi. Daudi aliijua, mpaka mkewe akamdharau dirishani. Kijana anayeijua tayari nimebakiza kumwonyesha Bwana wake tu. Yule ambaye hajawahi kutoka jasho kwa furaha yoyote, huyo kazi yake ni kubwa zaidi.

Ijumaa kesha lipo. Saa na mahali mtaambiwa na viongozi wa vikundi. Haviandikwi hapa, sababu mnaijua. Spika ni ile ndogo, na itazimwa saa nne usiku: kanuni za kelele za NEMA za mwaka 2009 haziiachi spika ya kanisa, na jirani zetu wanaamka alfajiri kuswali. Baada ya hapo ni matari na makofi. Mwalimu ndiye ataongoza. Mzee, wewe uliyenitumia video mara tatu, nimekuwekea nafasi ya mbele. Njoo na viatu visivyobana.