Skeitibodi kwa mtu mzima: shida si miaka, ni magurudumu

Mwezi wa Agosti 2024, kwenye place de la Concorde mjini Paris, wanaume wawili ambao wangeweza kuwa na wajukuu walishindana na vijana katika mchezo wa ubao wa magurudumu, ule tunaouita skeitibodi. Mmoja, Andy Macdonald, alichezea Uingereza akiwa na miaka 51. Wa pili alitoka bara letu: Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini, miaka 49. Siku moja mbele yao, pale pale, msichana wa China, Zheng Haohao, alikuwa amecheza akiwa na miaka 11. Hakuna kati yao watatu aliyerudi na medali. Lakini picha zao zilizunguka kwenye simu, na hata huku kwetu watu waliziona.

Mchezo huo uliingia Olimpiki huko Tokyo mwaka 2021. Uko kwenye programu ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika, na utakuwa tena Los Angeles 2028. Ndiyo maana siku hizi kuko watu wa miaka thelathini na arobaini, walimu, wafanyakazi wa ofisi, wanaotaka kujaribu. Jibu la mtaani linajulikana: « Mutu mukubwa vile, anatafuta nini ku mchezo ya batoto? »

Hilo swali la haya tuliache kidogo. Ukimfuata mtu mzima aliyenunua ubao akauacha baada ya Jumapili mbili, utakuta mara nyingi hakushindwa na umri. Alishindwa na kitu alichonunua. Mbao nyingi zinazofika sokoni pamoja na vikombe na midoli ni vitu vya kuchezea: tripleksi nyembamba, vyuma vya chini ambavyo si vyuma bali plastiki, na magurudumu ya plastiki ngumu. Mtoto wa kilo 25 anaweza kuzunguka nazo sebuleni. Mtu wa kilo 80 akipanda, ubao unapinda. Kisha gurudumu linakutana na jiwe dogo kama punje ya hindi, ubao unasimama, na mtu anaendelea na safari peke yake. Anaamka na magoti yaliyochubuka, anasema: nimezeeka.

Historia ya mchezo wenyewe inamtetea. Katika miaka ya 1960 huko Marekani, magurudumu yalikuwa ya chuma au ya udongo. Yalisimama kwenye kila jiwe, watu waliumia, na mchezo ukakaribia kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Frank Nasworthy alileta magurudumu ya uretani, aina ya plastiki inayovutika kidogo kama mpira, inayoshika barabara na kupita juu ya changarawe. Mchezo wote tunaouona leo umejengwa juu ya gurudumu hilo. Anayenunua plastiki ngumu amerudi nyuma zaidi ya miaka hamsini na hajui.

Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa sana. Fundi wa chukudu anavisha gurudumu la mti ukanda wa mpira wa gari la zamani, kwa sababu anajua mti mtupu kwenye mawe ya volkano hautafika mbali na mzigo wa viazi na makaa. Na hakuna anayemwambia baba wa watoto sita kwamba chukudu yake ni mchezo wa batoto. Mji ulimjengea hata sanamu.

Basi, mbele ya kutoa dola zako, angalia magurudumu kwanza. Ugumu wake unaandikwa kwa namba na herufi A. Ya 99A na kuendelea ni magumu, ni ya viwanja laini kama ule wa Paris. Kwa lami yetu iliyokwaruzika, tafuta kati ya 78A na 87A, na ukubwa wa milimita 56 mpaka 60. Muuzaji atakuambia madogo njo ya mabingwa. Ni kweli, mabingwa wa simenti iliyong'arishwa. Kama hakuna namba yoyote, bonyeza kwa ukucha: uretani laini inakubali kidogo, plastiki inalia kama sahani.

Ubao wenyewe, kwa mtu mzima, uwe na upana wa sentimita 20 mpaka 21 na nusu, na ukiutazama kwa ubavu uone tabaka saba za mbao zilizobanwa. Mti unaosifiwa ni mepo wa Canada. Uweke chini, panda na miguu yote miwili palepale mbele ya muuzaji. Akikukataza, ametoa jibu. Vyuma viwili vinavyoshika magurudumu viwe vya alumini, na upana wake ukaribiane na wa ubao. Beringi ni nane, aina ya 608: tundu la milimita 8, upana wa nje 22. Hii ni habari nzuri, kwa sababu 608 inatumika katika mashine ndogo nyingi, na fundi wa mota za umeme anaweza kukupatia. Ile namba ya ABEC inayotajwa sana na wauzaji inapima usahihi wa utengenezaji, haipimi mbio.

Ubao wa mtumba wa kampuni ya kweli, hata uliochanika pembeni, unazidi mpya wa duka la midoli. Magurudumu yanabadilishwa.

Sasa kuhusu kuanguka, kwa sababu utaanguka. Mtoto akianguka, mama anampangusa. Mtu mzima ana uzito zaidi, anaanguka kutoka juu zaidi, na kwa silika ananyoosha mkono. Kifundo cha mkono njo kinavunjika kwanza. Kwetu hapa, ambapo wengi hawana bima na hospitali inadai malipo mbele ya plasta, mkono uliovunjika ni wiki nyingi bila kazi kwa fundi wa cherehani au motari. Kwa hiyo kinga za vifundo si mapambo. Kama pesa haitoshi, nunua ubao wa bei ndogo kidogo ili kinga na kaske viingie. Kaske nzuri ina alama EN 1078 ndani, na ikishagonga chini kwa nguvu haifai tena hata kama haionyeshi ufa. Ya pikipiki inazidi kichwa kitupu, ila ni nzito na inaziba masikio.

Siku za kwanza simama juu ya ubao kwenye majani, hautatembea. Jua mguu gani unapenda kuwa mbele. Kunja magoti. Kisha simenti tambarare, kusukuma na mguu wa nyuma, kusimama, tena. Mteremko uache.

Kinachobaki ni mahali, na hapo lawama haiendi tena kwa mnunuzi. Huko Kampala, katika mtaa wa Kitintale, vijana walijijengea uwanja wa skeiti mwaka 2006. Accra ilipata wake mwaka 2021. Miji yetu inauza hata viwanja vya mpira vya mtaa, kisha inashangaa watu wazima kumaliza Jumapili kwenye chupa. Wengine watasema huu si wakati wa kuongea michezo, nchi iko na vita. Nawaelewa. Lakini chupa haisubiri amani, na mtu anayetafuta kupumua bila chupa hafai kuchekwa.

Kwa sasa, simenti bora katika miji mingi iko kwenye viwanja vya basketi vya parokia na vya shule. Saa kumi na mbili asubuhi ni tupu. Fagia changarawe mwenyewe, usipite juu ya mistari iliyopakwa rangi juzi, na uongee na mlinzi kwanza.