Eti "ni wa watoto tu"

Kuna neno dogo la kumshusha mtu cheo bila kumtukana: tu. "Yule si anaandika vitabu vya watoto tu?" Nimelisikia kwenye makongamano, nimelisikia kwa walimu, na juzi nimelisikia hapahapa Tanga, kutoka kwa mtu aliyesoma, jina la Elieshi Lema lilipotajwa.

Haya, tumzungumze huyo mama. Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro, ameandika mashairi, ameandika hadithi za watoto kama Safari ya Prospa, na pamoja na Demere Kitunga akaanzisha kampuni ya kuchapisha vitabu, E & D. Sasa muulize msomi yeyote anamjua kwa kitabu gani. Atakutajia Parched Earth ya mwaka 2001: riwaya ya Kiingereza, ya watu wazima. Ni riwaya nzuri, sibishi. Lakini tazameni tulivyofanya. Vile vya Kiswahili alivyowaandikia watoto wetu tukavipita kimya, tukaja kumpigia makofi kwa lugha ambayo mtoto wa Pangani haisomi kwa raha. Halafu haohao tunapanda majukwaani kutetea Kiswahili!

Na hata humo kwenye Parched Earth, kwangu mimi kurasa zenye nguvu ni zile za utoto wa Doreen, akimtazama mama yake Foibe, anayelea bila mume. Zinazidi habari zote za mapenzi zinazofuata. Aliyeziandika alishajizoeza kuona kwa macho ya mtoto.

Wenzangu wa Tanga ndio mnaonishangaza zaidi. Tunajivunia Shaaban Robert mpaka tunakera. Mbona tunasahau kwamba mzee wetu aliwatungia wanawe? Utenzi wa Hati ni wa binti yake, Utenzi wa Adili ni wa mwanawe wa kiume. Na kabla yake, mwaka 1858, kule upande wa Pate, Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi unaofundishwa vyuo vikuu mpaka leo. Hakuna anayethubutu kusema Mwana Kupona ni "wa watoto tu". Labda kwa sababu alishakufa zamani, na utenzi wake hauna picha ya sungura jaladani.

Najua mtakachojibu: mawaidha kwa binti aliyekaribia kuolewa si sawa na hadithi ya darasa la pili. Kweli kabisa. Basi jaribu wewe kuiandika hiyo hadithi ya darasa la pili. Msomaji wako hana staha hata kidogo. Akichoka, anafunga kitabu na kwenda kucheza. Hasomi ili akuonyeshe kwamba amesoma. Sentensi ikirefuka, umempoteza. Ukimhubiria, anajua kabla hujamaliza.

Na hilo "tu" lina gharama. Picha za rangi ni ghali kuchapa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulinunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka shuleni. Pasipo mnunuzi wa namna hiyo, mchapishaji anabahatisha. Sisi wahakiki tungeweza kusaidia bila kutoa hata senti: kuvisoma na kusema hiki kizuri, hiki kibovu, na kwa nini. Lini mara ya mwisho umesoma uhakiki wa namna hiyo gazetini? Mimi kazi yangu ni magazeti, na nimewahi kuambiwa na mhariri kwamba habari ya kitabu cha watoto "haina uzito". Matokeo yake, mzazi wa Ngamiani akiingia dukani hana wa kumwongoza. Ananunua maswali na majibu ya mtihani wa darasa la saba, basi, anaondoka.

Safari nyingine tukikusanyika kumkumbuka Shaaban Robert, wanawake wanaoandikia watoto wakae meza kuu, wahojiwe kuhusu kazi yao, wasiitwe mwishoni wakati wa burudani. Na yule atakayesema "tu" apande jukwaani na kitabu chake mwenyewe, awasomee watoto wa darasa la pili ukurasa mmoja. Tuone kama watatulia.