Ruzuku Ihesabu Mahitaji, Si Vichwa



Darasani mwangu hapa Gisenyi yumo kijana mwenye uoni hafifu. Kila nitoapo zoezi, humtolea nakala ya herufi kubwa: kurasa nne pale ambapo wenzake hutumia moja. Karatasi hizo zina gharama, lakini katika hesabu ya ruzuku kijana huyo ni kichwa kimoja tu.

Shule za umma nchini Rwanda hupokea ruzuku ya serikali inayokokotolewa kwa idadi ya wanafunzi. Wengi huuita mgawo huo usawa. Mimi sikubali. Tunayo sera ya elimu jumuishi iliyorekebishwa mwaka 2018, na neno hilo “jumuishi” latokana na kitenzi “jumuisha”, yaani kuingiza wote pamoja. Mtoto wa kiti cha magurudumu aliyekwama langoni, juu ya mawe haya yetu ya volkano, hajajumuishwa hata kama jina lake limo katika daftari la mahudhurio.

Jirani zetu wa Kenya walipoweka ruzuku ya shule ya msingi kuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, walimwongezea mwenye mahitaji maalumu shilingi 2,300. Kiasi hicho hakikaribii bei ya mashine moja ya kuandikia nukta nundu. Hata hivyo, kanuni yake ni sahihi.

Yuko atakayesema kwamba walimu wakuu wataongeza majina ya uongo ili wapate fedha. Hofu hiyo ina msingi, nami siipuuzi. Ndiyo maana napendekeza kwamba nyongeza itolewe baada ya mtoto kupimwa na mtaalamu wa afya pamoja na mwalimu aliyepata mafunzo. Vifaa vya bei kubwa vinunuliwe na wilaya na kuazimwa shuleni, kwa kuwa shule yenye mtoto mmoja asiyeona haiwezi kuvimudu peke yake. Shule ibakiwe na fedha za mambo ya kila siku: karatasi, njia ya mteremko, posho ya mkalimani wa lugha ya alama.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla. Waombeni wazazi wenu waulize katika mkutano wa shule: je, wanafunzi wenye mahitaji maalumu ni wangapi hapa, na ni faranga ngapi zimetengwa kwa ajili yao?