“Kwa Muda” ni Muda Gani?

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mijini iko bahasha moja ihifadhiwayo kuliko nyingine zote, nayo ni ile yenye barua ya kuajiriwa. Huwekwa sandukuni pamoja na hati ya ndoa na vyeti vya watoto. Mwulize mwenye barua hiyo mshahara wake ni kiasi gani na kazi ilianza lini, naye atakujibu mara moja. Mwulize kazi hiyo itakwisha lini, na kwa sababu gani. Hapo wengi husita, hasa ikiwa barua imeandikwa kwa Kiingereza. Jibu limo humo humo baruani, ila limefichwa katika neno moja dogo la sifa.

Kiingereza kina maneno mengi ya kusifu kitu kisichodumu. Sisi tumezoea kuyafasiri yote kwa namna moja, “ya muda”, kisha tukaridhika. Hapo ndipo penye hatari. Kila moja la maneno hayo lina mwisho wa aina yake, na aletaye mwisho huo si yule yule.

Tuanze na “temporary”. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya wakati. Neno hili latuambia tu kwamba jambo lina mwisho. Halituambii mwisho huo ni lini. Nchini Uingereza kodi ya mapato ilianzishwa mwaka 1799 iwe kodi ya muda, ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa. Baadaye ilifutwa, ikarudishwa tena mwaka 1842, tena kwa muda. Na hadi leo ingaliko, Bunge likiipitisha upya kila mwaka. Hapa kwetu Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ilitumika kwa miaka 12, hata ilipopatikana Katiba ya kudumu ya mwaka 1977. Basi ukiliona neno hili katika barua yako pasipo tarehe kando yake, fahamu kwamba umeambiwa nusu ya habari.

Neno la pili ni “casual”. Hili latokana na neno la Kilatini lenye maana ya bahati au tukio, yaani kazi ipatikanayo itokeapo. Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, nalo ni kibarua. Kibarua ni barua ndogo. Hapo zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, akakirudisha wakati wa kupokea ujira wake. Baadaye jina la kikaratasi likamshika mtu mwenyewe. Mwisho wa kazi ya namna hii ni jua kuchwa. Majirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, walieleza kwamba mtu wa kazi hiyo ni yule alipwaye mwisho wa siku, na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Sheria hiyo ikaongeza kwamba akifanya kazi mfululizo hata siku zake zikatimia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Maana yake ni kwamba mwajiri hawezi kumwita mtu kibarua mwaka mzima kwa kuwa tu jina hilo limeandikwa daftarini.

“Seasonal” ni ya msimu. Hapa mwisho huletwa na zao lenyewe: korosho au karafuu zikishachumwa, kazi imekwisha.

“Probationary” ni ya majaribio, na hapa yafaa tukae kidogo. Kazi ya majaribio haikwishi kwa jua kuchwa wala kwa mavuno kumalizika. Yaweza kukwisha kwa uamuzi wa mtu anayekutazama, ama akuthibitishe ama akuache. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 35, iliweka kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi si pambo la barua. Ihifadhi vizuri, maana ndiyo inayohesabu miezi yako.

Kisha yako maneno mawili yanayopishana. “Acting” ni kaimu, neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni kusimama. Kaimu amesimama mahali pa mwingine, naye huondoka mwenyewe afikapo. “Provisional” husemwa juu ya hati au uamuzi: una nguvu leo, lakini unangoja mwingine ulio kamili, na waweza kubadilishwa. Anayepewa hati ya namna hii asiitundike ukutani kabla hajaiona ya mwisho.

Sasa inua macho hadi juu ya barua, penye jina la kampuni. Huenda ukaona “Limited”, au kwa kifupi “Ltd”. Neno hili halihusu wakati hata kidogo, wala halisemi kwamba kampuni ni ndogo. Lahusu mpaka wa deni. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1855, wenye hisa waliruhusiwa wasidaiwe zaidi ya thamani ya hisa zao, mradi kampuni iweke neno hilo mwishoni mwa jina lake ili kila mtu aonywe. Basi ni onyo hata kwa mfanyakazi: kampuni ikifilisika, mshahara wake atadai katika mali ya kampuni, si nyumbani kwa mwenye hisa.

Ndugu msomaji, kabla wewe au mwanao hamjatia sahihi, ulizeni mambo matatu. Kazi hii itakwisha lini? Ni jambo gani litakaloimaliza? Na nani mwenye kuamua? Msione haya. Kifungu cha 15 cha Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004 kimemtaka mwajiri aandike aina na muda wa mkataba. Na mfanyakazi asipoyaelewa yaliyoandikwa, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa namna atakayoielewa. Kuuliza si ujinga, na hapa ni haki yako.

Wazee walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Mfanyakazi anayo haki ya kuonyeshwa ncha hiyo iko wapi, kabla haijamchoma.