Kituo cha Manyoni Si Duka la Vinyago

Mkoa wa Singida unajengewa vituo vya reli ambavyo wajukuu wa watoto wa leo watavikuta vimesimama. Kipande cha reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, chenye urefu wa kilomita 368 pamoja na njia za kupishania, kilitiwa saini mwezi Desemba 2021 kati ya Shirika la Reli Tanzania na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Kinapanda kutoka tambarare za Bahi na Makutupora, kinaukwea ukingo wa Bonde la Ufa, kinapita Manyoni na Itigi, kisha kinatokomea vichakani kuelekea Unyamwezi. Vituo vyake vitakuwa na kumbi za abiria, na kumbi hizo zitakuwa na kuta. Kuta hizo zitapambwa, kwani hakuna mkandarasi anayekabidhi jengo kubwa la umma likiwa tupu. Ni nani, basi, atakayeamua kitakachochorwa juu yake, na kwa ajili ya macho ya nani?

Jambo hili likiachwa lijiendee lenyewe, jibu lake linajulikana. Litakuja twiga. Litakuja kundi la tembo chini ya mbuyu, jua likizama nyuma yao kama kiini cha yai. Utakuja Mlima Kilimanjaro wenye kofia ya theluji, ambao hauonekani Manyoni hata mtu akikwea mbuyu mrefu kuliko yote. Atakuja Mmasai akiruka na mkuki wake. Hayo ndiyo mapambo yanayopatikana tayari, yaliyozoeleka katika hoteli na viwanja vya ndege, na fundi yeyote anayeharakisha kumaliza kazi atayachukua kama mtu achukuavyo soda dukani.

Wako watakaosema kwamba hayo yote ni ya Tanzania, na kwamba hakuna ubaya mwananchi akiyaona. Ni kweli ni ya Tanzania. Lakini yamechaguliwa kwa kipimo cha mgeni mwenye kamera, yakionyesha nchi isiyo na watu wanaofanya kazi, yenye wanyama wengi na wenyeji wachache wa kupigwa picha. Abiria wa Manyoni ni mkulima wa alizeti anayekwenda kuuza mbegu zake, mwalimu aliyehamishwa, mama mwenye madumu ya asali ya Itigi, askari anayerudi likizo, mgonjwa anayepelekwa Dodoma kutibiwa. Watu hao ndio watakaokaa saa nzima mbele ya ukuta ule wakingoja mchongoko upige honi. Ni haki yao kuona ukutani jambo linalowahusu.

Haisemwi hapa kwamba wajenzi wa reli hii hawakujali sura ya vituo. Kituo cha Dar es Salaam, ambacho abiria walianza kukitumia katikati ya mwaka 2024, kilibuniwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti, na usiku taa zikiwashwa kinapendeza. Hata hivyo tanzanaiti huchimbwa Mererani, mkoani Manyara, na jiji la Dar es Salaam lina bandari, majahazi, Kariakoo na historia ya makuli waliogoma. Wazo la jiwe ni wazo la tangazo la biashara: chukua kitu kinachofahamika ulimwenguni, ukikuze, ukiweke mlangoni. Kwa jiji kubwa lenye mambo mengine mengi ya kutazamwa, hasara yake ni ndogo. Kwa mji kama Manyoni, ambao kituo ndicho jengo lake kubwa, tangazo likikosea hakuna jingine la kulisahihisha.

Majirani nao wana somo. Reli mpya ya Kenya ilipozinduliwa Mei 2017, wasafiri walikuta katika kituo cha Mombasa sanamu ya Zheng He, baharia wa China aliyesafiri katika Bahari ya Hindi katika karne ya 15. Wakenya wengi waliuliza, na waliuliza kwa hasira, kwa nini mji wenye mashujaa wake na manahodha wake mwenyewe umpokee abiria kwa sura ya mtu wa nchi iliyotoa mkopo. Zheng He ni mtu wa historia na hana kosa. Kosa ni la utaratibu unaomwachia mwenye fedha na mwenye mtambo achague pia kumbukumbu za mwenye ardhi.

Dar es Salaam yenyewe ilikwisha kupitia jambo hilo mara mbili. Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao aliyeivunja upinzani wa pwani kwa mizinga. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, sanamu hiyo iliondolewa, na mwaka 1927 mahali pake pakawekwa Askari, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na maneno ya Kiingereza yaliyo chini yake yakatungwa na Rudyard Kipling. Sanamu ya Askari ni nzuri kwa ufundi, na wananchi wameizoea hata wameifanya yao. Lakini mara zote mbili hawakuulizwa. Taifa huru likijenga kwa fedha zake na madeni yake, halina sababu ya kuiga desturi hiyo.

Je, Singida ina nini cha kuweka ukutani? Swali hili huulizwa na watu wanaoupita mkoa huo wakiwa usingizini ndani ya basi. Njia ya reli inafuata karibu na njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora. Baada ya Ugogo, wapagazi waliingia katika nyika kavu waliyoiita Mgunda Mkali, siku nyingi za miiba na kiu, na ndiyo nchi ambayo reli mpya inaipasua kwenda Itigi na mbele yake. Kila mpagazi alibeba yapata frasila mbili, zaidi ya kilo 30, ikiwa ni pembe, nguo, shanga au waya wa shaba. Watemi wa Ugogo waliwatoza wenye misafara hongo kwa kupita na kunywa maji ya visima vyao. (Neno hongo limeshuka cheo tangu siku zile, na zabuni za mapambo ya majengo ni mojawapo ya mahali linapopenda kujitokeza kwa maana yake mpya.)

Halafu ikaja reli ya Wajerumani. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vitabu vinataja kampuni ya Philipp Holzmann na wahandisi wake. Waliochimba udongo, waliovunja mawe kwenye ukingo wa Bonde la Ufa na waliobeba mataruma walikuwa Waafrika kwa maelfu, Wanyamwezi wakiwa wengi miongoni mwao, na majina yao hayakuchongwa kwenye jiwe lolote. Babu aliyevibeba vyuma vile ndiye aliyeliondoa pembe la ndovu begani mwa mpagazi. Huyo ndiye mtu wa kwanza anayestahili ukuta wa Manyoni.

Wa pili hana jina wala sura, kwa sababu ni umati. Mwaka 1916 majeshi ya Wajerumani yalirudi nyuma kufuata reli hii, na majeshi ya Waingereza yakaja nyuma yao. Wote wawili walichukua ng'ombe, walichukua nafaka, walichukua wanaume wakawe wapagazi wa vita ambayo Mgogo hakuianzisha na hakuambiwa chanzo chake. Kisha mvua zikakosa. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ikakumbwa na njaa ambayo wazee waliipa jina la Mtunya, yaani kunyang'anyana. Wanahistoria wamekadiria kwamba walikufa watu wapatao 30,000, takriban mmoja katika kila watano. Treni zilipita katikati ya nchi hiyo zikiwa na mizigo. Njaa ile haikuletwa na mbingu peke yake. Ilitengenezwa na watu wenye kalamu na orodha za ng'ombe, waliojua walichokuwa wakikichukua.

Katika nchi nzima ni watu wachache waliosoma habari za Mtunya shuleni. Nchi iliyoupata msiba huo imegawanyika leo kati ya mikoa ya Dodoma na Singida, na reli inapita humo humo. Kama kuna mahali pamoja ambapo kumbukumbu hiyo ingeweza kuwekwa na kuonwa na watu wa rika zote bila kulipa kiingilio, mahali hapo ni ukumbi wa kituo. Itasemwa kwamba msafiri hapendi huzuni. Msafiri si mtoto mchanga. Wazee wa Ugogo walisimulia Mtunya mbele ya wajukuu wao jioni kwenye tembe, na wajukuu hawakuharibika. Walijifunza kuweka akiba ya mtama.

Wa tatu ni Liti. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja kama mwanamke aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa na nyuki kama silaha, na uwanja wa mpira wa Singida mjini umepewa jina lake. Nyuki na asali ni uhai wa Manyoni na Itigi hata leo. Kwa hiyo shujaa huyu na kazi ya sasa ya wananchi vinakutana bila kulazimishwa. Hata hivyo pana hatari mbili. Ya kwanza ni msanii kumfanya Liti mrembo wa kalenda, mwenye shanga shingoni na tabasamu. Aliyewapinga watu wenye bunduki hakuwa akitabasamu. Ya pili ni nzito zaidi: Liti alikuwa Mnyaturu, na Manyoni ni nchi ya Wagogo, Wakimbu na wengine. Sanamu yake ikisimamishwa kwa kelele za kabila moja, kesho kabila jingine litadai ukuta wake, na kituo kitagawanywa kama shamba la urithi. Liti awekwe kama mpinzani wa ukoloni, karibu na mpagazi na kibarua wa reli, na maandishi yawe kwa Kiswahili ambacho abiria wote wanakisoma.

Yako pia mambo ya kuepuka kwa nia njema. Iramba na maeneo mengine ya Singida yana michoro ya kale ya miambani, jamaa ya ile ya Kondoa iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mbunifu mvivu atainakili kwa rangi ya mafuta, aikuze mara kumi na aijaze ukuta mzima. Michoro ile ilichorwa mwambani, mahali pake, kwa sababu zake. Afadhali picha moja ya kweli ya jabali lenyewe, na maelezo ya namna ya kufika huko na ya kuilinda isikwanguliwe, kuliko kuifanya kitambaa cha pazia.

Wapo wanaouliza kwa nini watu wajadili michoro wakati vijiji vinakosa maji. Swali ni la haki, na wanaoliuliza si wote wenye nia mbaya. Lakini hakuna anayependekeza fedha za kisima zigeuzwe rangi. Mapambo yamo tayari ndani ya gharama ya jengo, na yatalipiwa hata Manyoni ikinyamaza. Ikinyamaza, malipo yatakwenda kwa kiwanda cha vigae na mabango kisichojua Manyoni iko wapi. Ikisema, malipo hayo hayo yanaweza kumfikia mchongaji wa Itigi anayejua mninga unavyokubali patasi, fundi anayechonga miamba ya Singida, na vijana waliosomea sanaa katika chuo cha Bagamoyo ambao wengi wao hawapati kazi ya kiwango chao.

Utaratibu wake si mgumu. Shirika la Reli litangaze mashindano ya wazi kwa kila kituo, pamoja na Baraza la Sanaa la Taifa na halmashauri za Manyoni na Itigi. Michoro ya washindani ibandikwe sokoni na kwenye mbao za matangazo za kata kwa muda wa kutosha, wananchi waitazame na waitoe makosa: kwamba mzinga wa nyuki hautundikwi hivyo, kwamba tembe halina paa la kuchongoka, kwamba mpagazi asingeweza kubeba pembe upande ule na kutembea hatua kumi. Wazee wanaojua habari za Mtunya waitwe wasikilizwe kabla msanii hajashika brashi. Jina la msanii liandikwe chini ya kazi, na jina la mfadhili lisiandikwe kwa herufi kubwa kuliko lake. Iwekwe pia fungu la matunzo, maana vumbi la Manyoni halina huruma kwa rangi. Na kazi zenyewe ziwekwe ukumbini wanakokaa abiria wa madaraja yote, zisifichwe katika chumba cha wageni mashuhuri.

Mabango yenye twiga yanaagizwa kwa simu na hufika kwa wiki chache. Kazi inayozungumzwa hapa inahitaji miezi, na lazima ianze kabla plasta ya kumbi hizo haijakauka.