Mtoto mfupi, mama asilaumiwe
Kliniki huja akina mama wenye watoto wa mikono na miguu mifupi, kichwa kikubwa. Nyumbani wameambiwa wamelogwa, au baba wa mtoto si huyo. Si kweli. Jeni iitwayo FGFR3 hutengeneza protini inayoipa mifupa ishara ya kupunguza kasi ya kukua. Ikibadilika herufi yake moja tu, ishara haizimiki. Hali hiyo ni akondroplasia. Takriban watoto 8 kati ya 10 walio nayo wana wazazi wa kimo cha kawaida. Badiliko hutokea upya, kwa kawaida kwenye mbegu za baba (ndiyo, baba). Mtoto huyu asikalishwe mapema, mgongo bado dhaifu. Pumzi ikikatika usingizini, au kichwa kikikua haraka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.