Uzio Haumsitiri Marehemu

Moto ulioteketeza mji wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, tarehe 8 Agosti 2023, uliua watu 102 na kuharibu majengo zaidi ya 2,000. Marekani haikuwa imeshuhudia moto wa nyika wenye vifo vingi kiasi hicho kwa zaidi ya miaka 100. Baada ya hapo mji ulifungwa. Ndege na droni zilizuiwa kupita juu ya eneo lililoungua, afisa wa FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, akaeleza kwamba uongozi wa huko umeomba picha mpya za maafa zisitishwe, na kandokando ya barabara ya mchepuko ukasimamishwa uzio wenye kitambaa cheusi. Sababu iliyotangulizwa ilikuwa heshima. Katika majivu yale kulikuwa na mabaki ya watu ambayo ndugu zao hawakuwa wamekabidhiwa, na wengi wa waliokufa walikuwa wazee. Sababu hiyo ni nzito, na yeyote anayeipuuza hafai kushika kamera. Hata hivyo, nashikilia kwamba kuzuia picha kulichanganya mambo mawili ambayo yalipaswa kutenganishwa: kumsitiri aliyekufa, na kuficha kilichomuua. La kwanza ni wajibu wetu sote. La pili hakuna mwenye haki ya kulifanya, hata kwa nia njema.

Tuanze na kazi ambayo picha zilifanya pale. Asubuhi ya siku ile, kabla mji haujaungua, upepo wenye kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa uliangusha nguzo na nyaya za umeme juu ya nyasi kavu. Mkazi mmoja alitoa simu yake akarusha mubashara kwenye Facebook: waya umelala chini, moto unatambaa ukingoni mwa barabara. Zimamoto walifika, na asubuhi hiyo hiyo uongozi wa kaunti ukatangaza kwamba moto umedhibitiwa kabisa. Alasiri moto mwingine ukaonekana eneo lile lile, na huo ndio ulioshuka hadi baharini. Kampuni ya umeme ilikiri kwamba nyaya zake ziliwasha moto wa asubuhi, lakini ikashikilia kwamba ule wa alasiri ni mwingine, usiohusiana nao. Wiki chache baadaye waandishi wa shirika la habari la Associated Press, wakitumia picha na video za eneo hilo, zikiwemo zilizopigwa na wakazi, walionyesha korongo lililojaa nyasi na vichaka, karibu kabisa na nyaya zile, ambamo makaa ya asubuhi yangeweza kubaki yakifuka hadi upepo uyaamshe. Ripoti rasmi ya Zimamoto ya Maui na wachunguzi wa serikali kuu ilitoka Oktoba 2024. Ilisema hivyo hivyo: moto wa alasiri ulikuwa ule ule wa asubuhi uliofufuka. Kwa hiyo zaidi ya mwaka mzima kabla ya ripoti, umma ulikuwa na namna ya kujua, na njia yenyewe ilikuwa picha.

Kuna atakayesema uchunguzi ni kazi ya wachunguzi, na mpigapicha asubiri. Lakini eneo la tukio halisubiri. Kabla wachunguzi wa serikali kuu hawajafika, kampuni ya umeme ilikuwa imekwisha kuondoa baadhi ya nguzo na nyaya zilizoanguka na kuzipeleka ghalani, ikisema inazihifadhi. Hata tukikubali kwamba zilihifadhiwa vizuri, nguzo iliyoko ghalani haiwezi kueleza ilikuwa imeinamia upande gani, imelalia nini, na majani yaliyoizunguka yalikuwa marefu kiasi gani. Hayo yanaonekana katika picha iliyopigwa pale pale, kabla kitu hakijaguswa, au hayaonekani tena. Baadaye huja matingatinga na malori ya kuzoa kifusi, na ni lazima yaje, kwa sababu majivu ya nyumba za zamani yana sumu na watu wanataka kurudi kwao. Kufikia Agosti 2024, mwaka mmoja baada ya moto, viwanja vya makazi vilikuwa vimeshasafishwa, na mwezi huo huo yakatangazwa makubaliano ya fidia ya zaidi ya dola bilioni 4 baina ya waathirika na washtakiwa, kampuni ya umeme, kaunti na jimbo wakiwemo. Mjane anayedai haki yake baada ya nyumba kugeuka kiwanja tupu anahitaji mtu aliyepiga picha kabla ya tingatinga.

Pale picha za kweli zilipokosekana, za uongo zilijaa. Picha ya roketi ikiruka kutoka California mwaka 2018, mstari mwembamba wa mwanga angani, ilisambazwa kama ushahidi kwamba Lahaina ilichomwa kwa silaha ya miale. Kisha ikaja picha iliyopigwa kutoka angani ya nyumba moja ya mtaa wa Front Street, nyeupe yenye paa jekundu, imesimama nzima kando ya bahari huku majirani zake wote wamegeuka majivu. Picha hiyo ilikuwa halali kabisa, ila ilizunguka dunia bila maelezo, na wazushi wakaigeuza kuwa uthibitisho wa njama. Maelezo yenyewe yalikuwepo na yanafundisha. Wenye nyumba hiyo, iliyokuwa na umri wa karibu miaka 100, walikuwa wameikarabati, wakaondoa paa la lami na kuweka la mabati mazito, wakang'oa mimea iliyogusana na kuta na kuzungushia nyumba mawe ya mtoni. Mchwa ndio waliowafanya wang'oe ile mimea, wala hawakuwa wakifikiria moto. Sentensi mbili kama hizi chini ya picha zingeifanya kuwa somo la kuokoa nyumba kwa kila mji wa pwani unaoishi na nyasi kavu mgongoni.

Kwa orodha ya majina ya waliopotea, faida ya kuuambia umma ukweli ilieleweka upesi zaidi. Tarehe 24 Agosti 2023 yalichapishwa majina 388 ya watu waliokuwa hawajulikani walipo, baada ya mjadala mkali kuhusu faragha na uchungu wa familia. Ndani ya siku moja zaidi ya 100 kati yao walijulikana kuwa salama. Hofu ya kuumiza watu ilikuwa ya kweli, na manufaa ya kusema wazi yalikuwa ya kweli pia. Uongozi ukapima, ukachapisha. Kipimo kama hicho ndicho kilichostahili kutumika kwa picha.

Lakini haitoshi kutetea kamera iingie, maana nyingi kati ya picha zilizopigwa Lahaina zinastahili lawama. Zilirudia vitu vile vile: gofu la kanisa la Waiola lenye historia tangu 1823, mti wa banyani uliopandwa 1873 ukiwa umebabuka, mtaa mzima wa kijivu ukionekana kutoka juu. Ni picha zenye nguvu, ila mtazamaji anaondoka nazo akiamini kwamba yaliyotokea ni kudra. Chukua hata picha bora ya aina hiyo, ile ya Konstantinos Tsakalidis iliyopigwa Agosti 2021 katika kijiji cha Gouves, kisiwani Evia, Ugiriki: bibi kizee ameweka mkono kifuani, kinywa wazi, na nyuma yake anga limekuwa jekundu. Ilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2022, na ilistahili. Inatikisa moyo wa kila anayeiona, lakini haisemi kwa nini moto ulifika mlangoni kwa bibi yule. Swali hilo lilihitaji picha nyingine pembeni yake.

Huko Lahaina picha hiyo nyingine ilikuwa mlimani, juu ya mji. Kwa zaidi ya karne moja miteremko ile ilikuwa mashamba ya miwa, na maji ya mito yalielekezwa huko kwa mifereji. Kiwanda cha sukari cha Pioneer Mill kilifungwa mwaka 1999, mashamba yakaachwa, na nyasi za kigeni zikatawala. Miongoni mwazo ni zile ndefu za guinea, ambazo asili yake ni huku kwetu Afrika na wafugaji wetu wanazithamini kwa malisho. Mvua ikinyesha zinapanda kuliko kimo cha mtu. Jua likiwaka zinakauka zikiwa zimesimama, na moto ukipita huchipua kabla ya mti wowote wa asili. Nyasi hizo, nyaya zilizochakaa na upepo mkali uliovuma huku kimbunga Dora kikipita mbali kusini, ndivyo vilivyokutana siku ile. Mpigapicha anayefika Lahaina akaishia ufukweni amepiga matokeo, akaacha chanzo kimesimama nyuma yake. Na chanzo hakina uso wa kuhuzunisha: ni kilima cha majani ya rangi ya mchanga, nguzo iliyooza kwenye shina, mfereji mkavu. Wahariri huona picha kama hizo hazina mvuto. Mimi naona ndizo zinazomtendea haki marehemu.

Hata katika mtaa wenyewe ulioungua, jicho linaloangalia kwa makini hupata sababu. Kwenye Front Street magari yaliyoungua yalibaki yamefuatana, moja nyuma ya jingine, upande mmoja ukuta wa bahari na upande wa pili maduka yaliyoanguka. Chini ya baadhi yake alumini ya magurudumu ilikuwa imeyeyuka, ikatiririka na kuganda barabarani. Mtu anaweza kuipiga picha hiyo kwa ajili ya uzuri wake wa kutisha. Anaweza pia kurudi nyuma hatua chache, aonyeshe foleni nzima, na hapo picha inauliza: kwa nini watu hawa wote walikwama hapa, barabara zipi zilizibwa na nguzo zilizoanguka, na kwa nini ving'ora vya tahadhari havikulia? Walinzi wa pwani waliokoa watu 17 kutoka majini. Waliorukia bahari walifanya hivyo kwa kukosa njia nyingine, na foleni ile ndiyo ushahidi wake.

Sasa niirudie hoja ya heshima, maana ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kufiwa si tukio la umma. Familia ambayo haijapata hata mfupa wa kuzika haistahili kufungua simu na kuona gari la baba yao kwenye ukurasa wa gazeti. Wakazi walilalamikia pia wageni waliosimamisha magari kwenye barabara ya mchepuko ili wapige picha za mji ulioungua kisha waendelee na safari ya hotelini. Walikuwa na haki ya kulalamika, na kumzuia mtalii wa namna hiyo hakumdhuru mtu yeyote. Ila tuangalie kinacholinda. Kinachomlinda aliyefiwa ni utaratibu: wakazi waingie kabla ya wanahabari (wa Lahaina walianza kuruhusiwa kurudi tarehe 25 Septemba 2023), mabaki ya watu yasipigwe kabisa, picha ya nyumba au gari linalotambulika isichapishwe kabla ndugu hawajaarifiwa, na mwenye uso aulizwe, na akikataa iwe basi. Haya yote yanawezekana bila kufunga mji. Uzio mweusi unamzuia mtalii, lakini unamzuia vilevile mwandishi mwenye adabu na mkazi anayetaka kujua kilichotokea kwake, na hauna namna ya kuwatofautisha.

Aliyemo ndani ya janga naye si wa kupigwa picha tu. Tarehe 31 Desemba 2019, moto ulipouzingira mji wa pwani wa Mallacoota, Australia, watu wapatao 4,000 walikimbilia ufukweni. Picha iliyobeba siku hiyo duniani kote ilikuwa ya mvulana wa miaka 11 ndani ya mashua, ameshika usukani wa injini, barakoa usoni, na kila kitu kinachomzunguka ni chekundu. Aliyeipiga ni mama yake mzazi. Hakuna wa kumshtaki kwamba aliiba huzuni ya mtu. Aliyerekodi waya ulioanguka Lahaina naye alikuwa mkazi, na magazeti ya pale pale yalipiga picha ambazo mgeni asingejua pa kuzitafuta. Pesa za wahisani na mashirika ya habari zingefaa kuwafikia hao kwanza, ili wapige mteremko ule ule mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano. Wageni huwa wameshaondoka ifikapo wiki ya tatu.

Kwetu tunaotazama kutoka mbali, wajibu ni mdogo lakini upo. Picha ya mji ulioungua isiyo na mahali, tarehe wala jina la aliyeipiga isitumwe kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata ikiwa inaliza. Na wahariri wetu, ambao karibu kila mwaka huletewa picha za moto kutoka Ugiriki, California au Chile na mashirika ya habari ya kigeni, ninawaomba hili: mkiletewa picha ya majivu, daini na picha ya nguzo, ya korongo na ya mteremko, na msichapishe ya kwanza kabla hamjaipata ya pili.